Alexander Nevsky: Mtakatifu Aliyeinama Mbele ya Khan



Muhula huu, tulipofika kwenye fadhila ya busara katika somo la maadili, tulibishana kwa siku kadhaa juu ya swali moja. Je, kiongozi Mkristo anaweza kumtumikia mvamizi, tena kwa mkono wake mwenyewe, ili watu wake wabaki hai? Mt. Tomaso wa Akwino anatufundisha kwamba busara ni akili iliyonyooka katika mambo ya kutenda, na kwamba upo ujanja unaofanana nayo kwa sura lakini si ndugu yake. Hapo kwenye kufanana kwa sura ndipo tulipokwama. Mifano ya vitabuni ilikuwa safi mno. Tukaamua kutafuta mtu halisi, na tukampata mmoja aliyeishi wakati uleule wa Tomaso, ila upande mwingine kabisa wa Ulaya: Alexander Yaroslavich, anayejulikana ulimwenguni kama Alexander Nevsky.

Ndugu zetu Waorthodoksi wa Urusi wanamheshimu kama mtakatifu. Sisi Wakatoliki tunamjua kwa mbali, na hata pale tunapomjua tunaona aibu kidogo, kwa sababu sehemu kubwa ya sifa yake aliipata kwa kuwapiga Wakatoliki. Hilo tutalifikia. Lakini tuseme mapema kwamba vita vyake si vilivyotusumbua. Kilichotusumbua ni majira ya baridi ya mwaka 1259 katika mji wa Novgorod.

Alizaliwa karibu mwaka 1220 huko Pereslavl-Zalessky, mji mdogo kando ya ziwa, kaskazini-mashariki mwa Moscow. Wakati huo hapakuwa na nchi moja iitwayo Urusi. Palikuwa na Rus, ardhi pana ya mito na misitu iliyogawanyika katika miji mingi, na kila mji mkubwa ulikuwa na mtawala wake. Kwa Kiswahili tutawaita watemi, maana neno mfalme ni kubwa mno kwao na neno chifu ni dogo mno. Watemi hawa walikuwa wa ukoo mmoja, ndugu na binamu, na walipigana wenyewe kwa wenyewe karibu kila mwaka. Upande wa kaskazini-mashariki aliyekuwa juu yao ni Mtemi Mkuu wa Vladimir. Yaroslav, baba yake Alexander, alikuwa mdogo wake Mtemi Mkuu Yuri.

Novgorod ulikuwa mji wa namna ya pekee. Ulitajirika kwa kuwauzia wafanyabiashara Wajerumani ngozi za manyoya na nta, na wananchi wake walikuwa na mkutano wao, ulioitwa kwa mlio wa kengele, wenye uwezo wa kumwalika mtemi na kumfukuza. Mtemi pale alikuwa jemadari wa kuajiriwa zaidi kuliko bwana wa mji. Baba yake alimweka huko mwaka 1236, akiwa kijana wa miaka kama 15, na huko alijifunza jambo ambalo watemi wengi hawakulazimika kujifunza: watu wanaokushangilia leo wanaweza kukufungulia lango kesho ili utoke.

Mwaka uliofuata wakaja Wamongolia. Hawakuwa wageni kabisa. Mwaka 1223, kwenye mto Kalka, kikosi chao kiliwavunja watemi kadhaa wa kusini kisha kikatoweka nyikani, na watu wa Rus wakaendelea na ugomvi wao kana kwamba hakuna lililotokea. Safari hii walikuja na Batu, mjukuu wa Genghis Khan, kwa nia ya kutawala. Desemba 1237 waliuteketeza mji wa Ryazan. Februari 1238 waliingia Vladimir. Jamaa ya Mtemi Mkuu pamoja na askofu Mitrofan walikufa kwa moto ndani ya kanisa kuu walimokimbilia. Yuri mwenyewe aliuawa tarehe 4 Machi kwenye mto Sit. Mji wa Torzhok ulijilinda wiki mbili, nao ukaanguka. Kutoka hapo njia ya kwenda Novgorod ilikuwa wazi, lakini jeshi likageuka likiwa limebakiza kilomita kama 100 tu. Theluji ilikuwa karibu kuyeyuka na kugeuza njia zote kuwa tope. Novgorod ukabaki mzima, karibu peke yake.

Mji mkongwe wa Kiev ulianguka Desemba 1240. Miaka michache baadaye alipita huko Mfransisko mzee, Ndugu Giovanni da Pian del Carpine, aliyetumwa na Papa Inosenti wa Nne kwenda kwa Khan. Katika mji uliokuwa mkubwa namna ile alikuta nyumba kama 200 tu, na njiani mafuvu na mifupa ya wafu imetapakaa. Tunamshukuru Mfransisko huyu. Bila macho yake tungejua machache sana, na tutamhitaji tena hapa mbele.

Mwaka huohuo wa 1240, huku kusini kukiungua, Waswidi walifika kwa mashua kwenye mto Neva. Alexander aliwavamia ghafla tarehe 15 Julai akawashinda. Kumbukumbu za Novgorod zinataja wafu 20 wa upande wake, kwa hiyo tusidhani ilikuwa vita ya kutikisa dunia; lakini jina la Nevsky, yaani wa Neva, limetokana na mto huo. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amegombana na watu wa Novgorod, akaondoka na familia yake. Wapiganaji Wajerumani walikuwa wamekwisha kuuteka mji jirani wa Pskov, na Novgorod ukatuma watu kumbembeleza arudi. Alirudi.

Hapa ndipo aibu yetu ilipo. Wapiganaji hao walikuwa watu wa shirika la kitawa, Wateutoni, wenye nadhiri na msalaba kwenye mavazi yao, pamoja na jeshi la askofu Hermann wa Dorpat. Walikuwa wakieneza Ukristo wa Kilatini kwa upanga kwenye pwani za Baltiki, na mipaka kati ya wapagani na Wakristo wa Mashariki haikuwa wazi sana machoni pao. Tunapojiuliza kwa nini ndugu zetu wa Mashariki hawatuamini upesi, jibu moja liko hapo: wakati Wamongolia walipokuwa wakichoma miji yao kutoka mashariki, Wakristo wenzao walikuja kutoka magharibi kuchukua iliyobaki. Tarehe 5 Aprili 1242 Alexander aliwapiga juu ya barafu ya ziwa Peipus. Wajerumani wenyewe waliandika kwamba walipoteza wapiganaji wakuu 20 na wengine 6 wakatekwa. Novgorod iliandika wafu 400 na mateka 50. Wengi wetu tumeiona ile filamu ya mwaka 1938 ya Sergei Eisenstein ambamo barafu inapasuka na wapanda farasi wanazama mmoja baada ya mwingine. Ni picha nzuri, ila kumbukumbu za kwanza za vita hiyo hazisemi hivyo.

Kama Alexander angekufa mwaka 1242 tungekuwa na shujaa wa kawaida, na makala haya yasingeandikwa.

Baba yake, Yaroslav, alikuwa ameshika nafasi ya Yuri. Mwaka 1243 alikuwa wa kwanza kati ya watemi kwenda mwenyewe kwa Batu, karibu na mto Volga, kuomba athibitishwe. Wamongolia hawakutaka kukaa ndani ya misitu ya Rus. Walichotaka ni kodi, askari na utii. Kila mtemi alipaswa kwenda, kupiga magoti na kupewa hati iliyoitwa yarlik, na bila hati hiyo hakuwa mtawala wa chochote. Wakati mwingine haikutosha kwenda kwa Batu. Alitakiwa kuendelea hadi Mongolia kwenyewe, kwa Khan Mkuu. Ndugu Giovanni, akisafirishwa kwa haraka na kubadilishiwa farasi mara kadhaa kwa siku, alitumia miezi mitatu na nusu kutoka kwa Batu hadi huko. Yaroslav alikwenda, na Mfransisko wetu alimkuta kwenye kambi ya kumsimika Khan Mkuu Güyük mwaka 1246. Anasimulia kwamba mama yake Khan alimwita Yaroslav akampa chakula na kinywaji kwa mkono wake mwenyewe kama heshima. Yaroslav alirudi hemani kwake akaugua, na baada ya siku saba akafa, mwili wake ukiwa umebadilika rangi. Wote waliokuwapo waliamini amelishwa sumu. Kisha mama yule akatuma ujumbe kwa Alexander aje kupokea urithi wa baba yake. Mtu yeyote mwenye akili angeelewa maana ya mwaliko wa namna hiyo, na Alexander hakwenda mara moja.

Mwezi huohuo wa Septemba 1246, kwenye kambi ya Batu, alikufa mtemi mwingine, Mikhail wa Chernigov. Desturi ya kambi ilikuwa mgeni apite katikati ya mioto miwili ili atakaswe, kisha ainame kuelekea kusini mbele ya sanamu ya Genghis Khan. Mikhail alikubali kumwinamia Batu, kwa kuwa ni mtawala aliyeruhusiwa na Mungu. Kuinamia sanamu ya mtu aliyekufa alikataa, kwa sababu Mkristo haruhusiwi. Wakampiga mateke kifuani hadi akawa anakata roho, wakamkata kichwa, na mtumishi wake Fyodor, aliyekuwa akimtia moyo avumilie, akauawa vilevile. Kanisa la Mashariki linamheshimu kama mfiadini, na kifo chake hakitupi shida. Tunajua pa kukiweka.

Mwaka uliofuata Alexander alikwenda kwa Batu. Akatumwa pamoja na mdogo wake Andrey hadi Mongolia, wakarudi mwishoni mwa mwaka 1249. Je, alipita kati ya mioto? Je, aliinamia sanamu? Kitabu cha kwanza cha maisha yake, kilichoandikwa baada ya kifo chake na mtu wa Kanisa aliyempenda, kinanyamaza kabisa. Waandishi wa karne za baadaye waliziba pengo kwa kusema kwamba alikataa na Batu akamsamehe. Sisi tunaona ule unyamavu wa kwanza una uzito zaidi.

Akiwa safarini zilimfuata barua za Baba Mtakatifu. Mwaka 1248 Inosenti wa Nne alimwandikia mara mbili, akimkumbusha kwamba baba yake alikuwa tayari kuungana na Kiti cha Roma kabla ya kufa, na kumsihi afuate njia hiyo na kutoa taarifa mapema Wamongolia watakapoelekea magharibi. Mwishowe Alexander alikataa. Inatuuma kuandika hivyo, lakini tujaribu kuona alichokiona yeye. Kwa upande mmoja alikuwa na Papa aliye mbali, anayeahidi msaada, ambaye watoto wake wenye upanga alikwisha kukutana nao juu ya barafu. Kwa upande mwingine palikuwa na Batu, ambaye farasi wake waliweza kuwa Vladimir ndani ya majuma machache.

Yupo mtemi aliyeijaribu njia ya Roma, naye ni Danylo wa Galicia, katika nchi ambayo leo ni Ukraina. Danylo naye alipiga magoti kwa Batu na kunywa maziwa ya farasi yaliyochachushwa, kisha akageukia magharibi. Mwaka 1253 balozi wa Papa alimvika taji la kifalme. Papa alitangaza vita vya msalaba kumsaidia. Hakuja mtu. Mwaka 1259 jemadari Mmongolia, Burundai, alimlazimisha abomoe kuta na ngome za miji yake mwenyewe. Tunaliandika hili kwa heshima ya Danylo, ambaye alikuwa mtu hodari, na pia kwa sababu mara nyingi katika mabishano yetu mwenzetu mmoja alisimama na kusema Alexander angekubali tu mkono wa Roma. Ule mkono haukuwa na jeshi.

Tukio la 1252 si rahisi kulimeza. Andrey alikuwa amepewa Vladimir, na Alexander, ingawa ndiye mkubwa, alipewa Kiev iliyokuwa magofu. Andrey alimwoa binti wa Danylo na akaanza kujitenga na Wamongolia. Mwaka huo Alexander alikwenda kwenye makao ya Batu, na wakati yuko huko jeshi likatumwa chini ya jemadari Nevryuy. Andrey alishindwa akakimbilia Uswidi, vijiji vikaporwa, watu na ng'ombe wasiohesabika wakachukuliwa. Alexander akarudi na hati ya Mtemi Mkuu wa Vladimir. Wako wanahistoria wanaosema alimshtaki mdogo wake, na wako wanaomtetea. Kinachojulikana ni kwamba alijenga upya makanisa, akawakusanya waliotawanyika, na baada ya miaka michache alipatana na Andrey, aliyepata kutawala Suzdal. Mtu anaweza kuyatenda hayo kwa dhamiri safi au kwa dhamiri inayochoma. Kwa nje hayana tofauti.

Sasa tufike Novgorod.

Mwaka 1257 Khan aliamuru sensa ya Rus yote. Kuhesabiwa hakukuwa jambo la karatasi tu. Kila aliyeandikwa alidaiwa kodi, na Ndugu Giovanni alikwisha kuona jinsi kodi hiyo ilivyokusanywa: kila mtu, mkubwa kwa mdogo, alidaiwa ngozi za wanyama, asiyekuwa nazo akachukuliwa utumwani, na mwenye watoto watatu wa kiume akanyang'anywa mmoja. Vladimir na Suzdal walihesabiwa. Novgorod walikataa. Hawa hawakuwahi kushindwa na Wamongolia. Ile theluji iliyeyuka kabla hawajafikiwa. Kwa nini walipie ushindi ambao haukutokea? Tunakiri kwamba hoja yao ni ngumu kuijibu.

Alexander alikuja na wajumbe wa Khan. Mtemi wa Novgorod wakati huo alikuwa kijana wake mwenyewe, Vasily, aliyemweka pale, na Vasily akachukua upande wa wananchi, akakimbilia Pskov ili asikutane na baba yake. Wananchi waliwapa wajumbe zawadi kwa ajili ya Khan, wakakataa kuhesabiwa, na wajumbe wakaondoka mikono mitupu. Alexander akamtoa Vasily Pskov, akampeleka mbali, na asitawale tena Novgorod. Halafu akawageukia washauri wa kijana. Baadhi yao aliwakata pua, wengine akawatoboa macho.

Kitabu cha maisha yake hakisemi neno juu ya pua na macho. Tunayajua kwa sababu waandishi wa kumbukumbu za Novgorod waliyaandika.

Majira ya baridi ya 1259 wajumbe walirudi, safari hii na wake zao, na ikatangazwa kwamba wakikataliwa jeshi liko njiani. Mji ukagawanyika. Matajiri walitaka kukubali. Nao, kumbukumbu zinasema wazi, walikuwa wamepanga mambo ili mzigo uwe mwepesi kwao na mzito kwa wadogo. Watu wa kawaida walikusanyika kwenye kanisa kuu la Mt. Sofia, wakiwa tayari kufa hapo. Wajumbe wakaogopa kuuawa, wakaomba ulinzi, na Alexander akaamuru watoto wa wakubwa wa mji wawalinde usiku kucha. Asubuhi akapanda farasi, akaanza kuondoka mjini pamoja na wajumbe. Kila mtu alielewa maana yake: mtemi akiondoka pamoja nao, kitakachofuata ni yale ya Ryazan. Watu wakanyamaza. Waandishi wa Khan wakapita mtaa kwa mtaa, wakiandika nyumba za Wakristo.

Tulipokuwa tukisoma habari hizi, mmoja wetu alihesabu kwamba katika miaka hiyohiyo, 1256 hadi 1259, Tomaso wa Akwino alikuwa akifundisha Paris. Kwa kweli tulitamani kumpelekea kesi hii mezani.

Maoni yetu, kwa kadiri tulivyoweza kukubaliana, ni haya. Kuinama kwa Alexander hatukuoni kuwa woga, kwa kuwa hakukuwa na njia nyingine yenye watu hai mwishoni mwake; Danylo aliijaribu moja, Andrey nyingine. Kuhusu sensa, tunasita, lakini mwisho tunasimama naye: mji uliohesabiwa ulibaki na watoto wake, na Novgorod haikuteketezwa. Macho ya wale washauri ni jambo jingine. Waliokuwa wamekosa walikosa kwa kutoa ushauri ambao yeye mwenyewe, akiwa na miaka 20, angeutoa. Hapo hatuoni busara. Tunaona hasira ya baba aliyeaibishwa, na hasira hiyo ilikuwa na jeshi la kigeni nyuma yake. Haifutiki kwa hesabu ya waliopona.

Na kuna jambo linalotugusa sisi waseminari moja kwa moja. Mapadre na watawa hawakuhesabiwa. Wamongolia waliwasamehe kodi viongozi wa dini za watu waliowashinda, kwa masharti ya kumwombea Khan. Kwa hiyo, waandishi walipopita mitaani mwa Novgorod, mlango wa padre ulirukwa. Mwaka 1261 Askofu Mkuu Kirill, rafiki wa Alexander, alipata hata kuanzisha jimbo la kiaskofu Sarai, mji mkuu wa Khan, na bila shaka lilikuwa faraja kwa mateka Wakristo waliojaa huko. Lakini ni Kanisa hilohilo lililosamehewa kodi ndilo lililoandika maisha ya Alexander na kuruka sensa. Hatusemi hivyo kwa dharau. Tunajua tu kwamba nasi siku moja tutakuwa ndani ya nyumba ambayo mlango wake hurukwa.

Mwaka 1262 mambo yalifika shingoni. Kodi ilikuwa imeuzwa kwa wafanyabiashara kutoka Asia ya Kati, waliomlipa Khan kwanza kisha wakajirudishia kwa watu pamoja na faida, na asiyekuwa na kitu aliingia utumwani. Miji ya Rostov, Vladimir, Suzdal na Yaroslavl iliinuka, kengele zikapigwa, wakusanya kodi wakafukuzwa na wengine wakauawa. Huko Yaroslavl wananchi walimuua pia mtawa mmoja, Zosima, aliyeasi Ukristo na kujiunga na watesi wao. Wakati huohuo Khan mpya, Berke, alikuwa akipigana na binamu yake Hülegü upande wa Kaukazi na alitaka vijana wa Rus wakapigane huko.

Kila mtu alijua kinachofuata uasi wa namna hiyo. Alexander alikwisha kukiona mwaka 1252, kutoka upande wa waliotumwa. Sasa hakutuma mtu. Alikwenda mwenyewe Sarai, kuwaombea watu waliokuwa wamewaua wakusanya kodi wa bwana wake, huku akijua baba yake alirudi vipi kutoka safari kama hiyo. Berke alimzuia huko majira yote ya baridi. Hatuna habari za maneno waliyosemezana. Tunachojua ni kwamba hakuna jeshi lililokuja kulipiza kisasi. Miji ile minne haikuguswa.

Aliporuhusiwa kuondoka, mwaka 1263, alikuwa mgonjwa. Alisafiri kwa kufuata Volga hadi mji mdogo wa Gorodets, na hapo nguvu zikamwishia. Akaomba apokee nadhiri za kitawa, kama walivyofanya watawala wengi wa Mashariki wanapoona mwisho wao, akaacha jina lake, akaitwa Aleksiy. Alikufa usiku wa tarehe 14 Novemba, akiwa na umri wa miaka kama 43. Askofu Mkuu Kirill alitoka Vladimir na mishumaa kumpokea njiani, na umati ulijaa hata jeneza likawa shida kufikiwa. Alizikwa tarehe 23 katika monasteri ya Kuzaliwa kwa Mama wa Mungu.

Kanisa la Urusi lilimtangaza mtakatifu kwa nchi yote mwaka 1547. Tangu hapo kila mtawala amemchukua kwa matumizi yake. Tsar Peter alihamishia masalia yake kwenye mji wake mpya kando ya Neva mwaka 1724, na mwaka 1942 Stalin, aliyekuwa amefunga makanisa kwa maelfu, alianzisha nishani ya kijeshi yenye jina lake. Wote hao walimtaka Alexander wa barafu. Hatujasikia aliyemtaka yule wa 1259.

Mtoto wake wa mwisho, Daniil, alikuwa na umri wa miaka 2 hivi baba alipokufa. Katika mgawo wa urithi aliangukia sehemu ndogo kuliko zote, mji wa mbao wenye jina la Moscow. Wajukuu na vitukuu wa Daniil walishika kazi ya kumkusanyia Khan kodi ya Rus yote, na waliifanya kwa bidii; ilikuwa katika nusu ya pili ya karne ya 15 ndipo walipoacha kuipeleka.